Kufuata altare ya Gent: kutoka Maaseik hadi mgodi wa chumvi wa Altaussee

Altare ya Mwanakondoo wa Mungu, iliyomo katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Bavo mjini Gent, Ubelgiji, ni mchoro mkubwa wa kuwekwa juu ya altare ya kanisa, uliochorwa juu ya mbao 12 za mwaloni. Nane kati yake ndizo mabawa, yaani milango ya pembeni ya kufunga na kufungua, nazo zimechorwa pande zote mbili. Ikifunguliwa, upana wake ni mita 4.6 hivi na kimo kinakaribia mita tatu na nusu. Hubert van Eyck aliianza, akafariki mwaka 1426 kazi haijakwisha. Ndugu yake Jan akaimalizia, na maandishi ya kwenye fremu yanataja tarehe 6 Mei 1432. Tangu hapo imefichwa mnarani, imepelekwa Paris, imeuzwa vipande vipande, imepasuliwa kwa msumeno Berlin, imeibwa, na imelala ndani ya mgodi wa chumvi wa Altaussee, Austria.

Wageni wengi hushuka kwenye treni, huitazama nusu saa, hununua chokoleti na kuondoka. Maoni yetu ni kwamba inaeleweka zaidi ukianza na miji ya wachoraji na mahali mbao zilipopotelea, ndipo uingie kanisani. Kwa hiyo Gent tuliiacha hadi siku ya nne.

Kwa wanaotoka Afrika Mashariki: visa moja ya Schengen inatosha Ubelgiji na Austria. Omba kwenye ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, ambayo kwa njia hii ni Ubelgiji.

Alhamisi, Brussels

Treni ya kutoka uwanja wa ndege hadi mjini ni fupi lakini nauli yake ina ada ya ziada, usishangae. Mizigo tuliiacha hotelini tukaenda Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa. Altare haimo humo, ila Adamu na Hawa waliochorwa kwenye mbao zake waliwahi kukaa Brussels tangu 1861 hadi 1920. Mwaka 1781 Mfalme Mkuu Joseph II, mtawala wa nchi hiyo wakati huo, alipita Gent, hakupendezwa na wale wawili walio uchi, wakaondolewa. Baadaye kanisa liliwauza kwa serikali ya Ubelgiji na kupewa nakala walizovishwa nguo. Nakala hizo tulikuja kuziona Gent.

Kituo cha reli cha Brussels Kaskazini nacho kimo kwenye kisa hiki. Usiku wa kuamkia 11 Aprili 1934 mbao mbili ziliibwa kanisani: ule wa Waamuzi Wenye Haki, na ule wa Yohane Mbatizaji aliyechorwa kwa rangi ya kijivu aonekane kama sanamu ya jiwe. Mwizi alidai faranga milioni moja za Ubelgiji. Ili aaminike, alimrudisha Yohane kwa kumwacha kwenye chumba cha kuhifadhia mizigo cha kituo hicho. Jengo la sasa ni la baadaye, kwa hiyo mtu asiende kwa ajili hiyo tu.

Chakula cha jioni tulikula Matonge, mtaa wa Wakongo ulio karibu na Porte de Namur. Sombe (kisamvu), samaki wa kukaanga na ugali vilitugharimu kama euro 15 kwa mtu. Mama mwenye mgahawa, mtu wa Bukavu, alipotusikia tunaongea alituongezea sahani ya ndizi bila kuiandika kwenye bili. Akatuasa: "Maaseik? Bebeni maji na mkate, wanangu, mule basi linakawia."

Ijumaa, Maaseik

Mji huu mdogo uko ukingoni mwa mto Maas, ng'ambo ni Uholanzi. Hauna reli. Tulipanda treni hadi Genk, karibu saa mbili, kisha basi la saa moja hivi. Dereva hapokei fedha taslimu. Unagusisha kadi ya benki kwenye mashine, au unakata tiketi kwa simu. Kadi moja iligoma, na mwanafunzi aliyekuwa nyuma yetu akagusisha yake, akakataa katakata kurudishiwa.

Kwa nini Maaseik? Hakuna cheti cha kuzaliwa cha Hubert wala Jan. Kuna jina lao, ambalo maana yake ni mtu wa Eyck. Kuna mchoro wa kardinali alioufanya Jan, uliopo Dresden, ambao pembeni yake aliandika maelezo ya rangi kwa lahaja ya bonde la Maas. Na kuna binti yake Lievine, ambaye baada ya baba yake kufa alisaidiwa fedha na Mtawala Filipo wa Burgundy ili aingie utawa hapa hapa Maaseik. Ukiunganisha hayo matatu, mji una haki ya kujivuna.

Uwanjani kuna sanamu ya ndugu hao wawili iliyosimamishwa mwaka 1864. Kilichotupa raha zaidi ni kanisa la Mtakatifu Katarina, lenye hazina inayotunza Codex Eyckensis, kitabu cha Injili cha karne ya 8. Tulifika nje ya saa za kufungua. Muuza mikate wa uwanjani alituona tukisoma tangazo mlangoni, akapiga simu mahali, na baada ya dakika 20 akaja mzee mwenye funguo. Usitegemee bahati hiyo. Ulizia saa za hazina kabla ya kukata tiketi, maana ni chache. Kwa muuza mikate huyo tulinunua *knapkoek*, biskuti bapa ngumu yenye sukari juu, ambayo ndiyo sifa ya mji. Inavumilia safari ndefu begini bila kuvunjika.

Kurudi ni njia ile ile, hakuna la kusimulia.

Jumamosi, Brugge

Kutoka Brussels ni saa moja kwa treni. Kutoka kituoni hadi makumbusho ya Groeninge ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu juu ya mawe ya mviringo. Sanduku la magurudumu litakutesa, liache kwenye makabati ya kituoni. Kiingilio kilikuwa kama euro 15. Makumbusho za Brugge hazifungwi zote siku moja, kwa hiyo angalia ratiba ya kila moja.

Jan alihamia hapa baada ya kumaliza altare, akafa mwaka 1441. Groeninge ina kazi zake mbili, na ya kwanza inatosha kukuweka saa nzima: Bikira Maria pamoja na kanoni (mjumbe wa baraza la kanisa) Joris van der Paele, ya mwaka 1436. Anza na uso wa mzee. Mishipa ya kwenye kipaji imetuna, ngozi ya shingo imelegea, mkononi ameshika miwani, na vioo vyake vinakuza maandishi ya kitabu kilicho chini yake. Kisha nenda kwenye deraya ya Mtakatifu Georgi aliyesimama kulia. Kwenye ngao iliyo mgongoni mwake kuna taswira ndogo ya mtu aliyesimama, kama kwenye kioo. Wataalamu wengi humchukulia kuwa ni mchoraji mwenyewe. Kumwona inabidi uinamie upande wa kulia, mwanga wa dari usikurudie machoni.

Kazi ya pili ni picha ya mkewe Margareta. Maandishi ya fremu yanasema mumewe aliimaliza tarehe 17 Juni 1439, yeye akiwa na miaka 33, na chini yake Jan akaweka kaulimbiu yake, kwamba amefanya kadiri alivyoweza.

Alizikwa katika kanisa la Mtakatifu Donatiani kwenye uwanja wa Burg. Wafaransa walipoitawala nchi kanisa lilibomolewa, mwaka 1799, na sasa pana miti na hoteli. Sanamu yake iko dakika chache kaskazini, kwenye uwanja unaoitwa kwa jina lake, kando ya mfereji. Supu na mkate maeneo ya Burg ni ghali kwa mtu asiyejua. Sogea mitaa miwili na bei inashuka kwa theluthi. Maji ya bomba mezani huwa hawayatoi bure, na choo ni senti 50 hadi euro moja, kwa hiyo tembea na sarafu.

Jumapili, Gent

Dakika 25 za treni kutoka Brugge. Ukishuka Gent-Sint-Pieters usikimbilie mjini. Makumbusho ya Sanaa, MSK, iko ndani ya bustani ya Citadel, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituoni. Jumatatu hufungwa. Ndani yake, nyuma ya ukuta wa kioo, wakarabati wamekuwa wakiishughulikia altare tangu 2012. Hatua ya kwanza, ya upande wa nje, iliisha 2016. Ya pili, ya safu ya chini ndani, iliisha 2019. Ya tatu, ya safu ya juu, ilianza 2023. Kabla ya kupanga safari uliza mbao zipi zipo kanisani na zipi zipo karakana.

Ukitaka kufaidi kioo kile, elewa kwanza mchoro ulivyojengwa. Ubao wa mwaloni ulipakwa chokaa iliyochanganywa na gundi ya ngozi, ukasuguliwa hadi ukawa laini na mweupe. Juu yake ukachorwa mchoro wa mistari. Kisha zikaja rangi zilizosagwa kwa mafuta ya kitani, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, nyingine zikipitisha mwanga, hivyo mwanga huzama hadi kwenye chokaa nyeupe na kurudi. Ndiyo sababu vito vinaonekana kuwaka kutoka ndani. Ile hadithi kwamba Jan aligundua rangi ya mafuta si kweli. Ilitumika karne kadhaa kabla yake. Alichofanya ni kuifikisha mahali ambapo hakuna aliyekuwa ameifikisha.

Tatizo lililowakuta wakarabati ni hili: chini ya vanishi iliyogeuka manjano hawakukuta kazi ya van Eyck bali rangi ya watu wengine. Upande wa nje, karibu asilimia 70 ya eneo lilikuwa limepakwa upya zamani, tena kwa ustadi na kwa kufuata maumbo yale yale, hivi kwamba kwa macho haikujulikana. Bahati nzuri kati ya rangi ya awali na ile ya juu kulikuwa na vanishi kuukuu. Wanalainisha kwa viyeyushi, kisha wanakwangua chini ya hadubini kwa kisu kidogo cha upasuaji. Siku nzima ya kazi inaweza kuisha kwenye eneo lisilozidi kiganja.

Mwanakondoo mwenyewe ndiye mfano mzuri. Katika usafishaji wa mwaka 1951 masikio yake ya asili yalijitokeza, lakini yale yaliyopakwa karne ya 16 yakaachwa, akabaki na masikio manne. Rangi ya juu ilipoondolewa yote, alitokea kondoo mwenye uso mwembamba, pua ndogo ya waridi, na macho yanayotazama mbele moja kwa moja. Picha zake ziliposambaa Januari 2020 watu walicheka kwamba ana sura ya binadamu. Hiyo ndiyo sura aliyopewa mwaka 1432.

Jumapili altare haionyeshwi asubuhi kwa sababu ya misa. Mlango wake hufunguliwa mchana. Kuingia kanisani ni bure, altare ni tiketi. Tulilipa euro 16 kila mmoja pamoja na miwani ya kidijitali. Bila miwani ni pungufu. Unashuka kwanza kwenye vyumba vilivyo chini ya kanisa, ambako miwani inakuonyesha historia, halafu unapanda hadi nyuma ya altare kuu ya kanisa. Kata tiketi mtandaoni na uchague saa, hasa kipindi cha likizo. Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha. Maelezo ya chini yafupishe, muda uliobaki uupeleke juu, mbele ya mbao zenyewe.

Altare iko ndani ya sanduku la kioo lenye kimo cha mita sita, linalodhibiti joto na unyevu. Chukua darubini ndogo ya mkono. Bila hiyo safu ya juu iko mbali. Mambo ya kutafuta ni haya. Unyayo wa Adamu: ameinua mguu kama anayetoka nje ya fremu, na unyayo unauona kwa chini, kwa kuwa mchoraji alijua ubao utakaa juu ya kichwa chako. Kito kwenye vazi la malaika anayeimba: ndani yake kuna taswira ya dirisha. Na kwenye mbao za nje, malaika anapompasha Maria habari, sakafuni kuna vivuli vya fremu, fremu ya mti halisi ikitupa kivuli ndani ya chumba cha rangi. Mwanga katika picha zote unatoka kulia, kama unavyotoka kwenye madirisha ya kapela ya Vijd, ambako Joos Vijd na mkewe Elisabeth Borluut waliagiza altare ikae. Ingia kapela hiyo baadaye, simama katikati, utaelewa bila maelezo.

Kulia kwetu alikuwepo mlinzi aliyetuona tukizunguka na darubini. Alitusogeza mahali pasipo na mmweko wa kioo, akatuambia tukae dakika 15 kabla ya kufunga, kwa kuwa makundi huwa yamekwisha kuondoka. Ni ushauri bora kuliko wowote tulioupata Gent.

Chakula: *waterzooi*, mchuzi mzito wa kuku au samaki wenye mboga na malai, euro 24 pamoja na viazi.

Jumatatu, Gent na Wetteren

Tulirudi kanisani kwa ajili ya nakala za mchoraji Victor Lagye, Adamu na Hawa waliovishwa ngozi, zilizotundikwa karibu na mlango. Zinachekesha kidogo ukizilinganisha na wale wa jana. Nje, ubavuni mwa kanisa, kuna mnara wa kumbukumbu ya ndugu wawili uliochongwa na Geo Verbanck mwaka 1913.

Ubao wa Waamuzi unaouona leo ni nakala ya Jef Van der Veken, iliyomalizwa 1945. Aliitengeneza juu ya ubao wa kabati la zamani, na mmoja wa waamuzi akampa sura ya Mfalme Leopold III wa Ubelgiji. Halisi haujapatikana. Novemba 1934 dalali wa hisa Arsène Goedertier wa Wetteren alizimia mjini Dendermonde, na kabla ya kukata roho alimwambia wakili wake kwamba yeye peke yake anajua ulipo. Nyumbani kwake zilikutwa nakala za barua za kudai fedha zilizotiwa saini D.U.A. Mwaka 2018 walijitokeza watu waliodai umefukiwa chini ya kiwanja cha Kalandeberg, katikati ya Gent. Tulipita hapo: meza za mikahawa, baiskeli, mawe ya sakafu. Polisi wa Gent bado wana faili lililo wazi.

Wetteren ni robo saa kwa treni. Mji mtulivu, kahawa nzuri, hakuna cha kuona kinachohusu wizi. Ukibanwa na muda, huu ndio wa kukata.

Jioni tulipanda treni ya usiku kutoka Brussels kuelekea Vienna. Haiendi kila siku, kwa hiyo ratiba nzima ijenge kuizunguka. Kitanda katika chumba cha watu sita, kilichokatwa wiki kadhaa kabla, kilikuwa karibu euro 80 pamoja na mikate miwili na kahawa ya asubuhi.

Jumanne, njiani hadi Bad Aussee

Treni ilisimama Ujerumani gizani kwa zaidi ya saa moja. Linz, ndani ya Austria, tukafika tumechelewa, treni ya kuunganisha imeshaondoka. Kondakta wa treni iliyofuata aliandika nyuma ya tiketi saa na jukwaa la kubadilishia Attnang-Puchheim, akagonga muhuri tusilipishwe tena. Omba muhuri huo kila ukicheleweshwa na treni. Bila huo, kama tiketi yako ni ya treni maalumu, utanunua nyingine.

Kuanzia Attnang-Puchheim kaa upande wa kushoto hadi Ebensee, kwa ajili ya ziwa Traunsee. Ukishapita Bad Ischl hamia kulia, ziwa la Hallstatt liko upande huo.

Jumatano, mgodi wa Altaussee

Basi kutoka kituo cha Bad Aussee hadi Altaussee ni kama dakika 15, kisha mgodi uko kilomita kadhaa kupanda mlimani. Ndani joto ni nyuzi 8 hivi kiangazi na masika. Wanakupa nguo za kuvaa juu ya zako, lakini sweta na viatu vilivyofungwa ni juu yako. Ziara ni ya kuongozwa, saa moja na nusu hivi, kwa Kijerumani na maelezo ya Kiingereza. Kuna miteremko miwili ya mbao ya kuteleza kushukia chini. Asiyetaka hupita kwenye ngazi.

Altare ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1942 kutoka Pau, kusini mwa Ufaransa, ilikokuwa imehifadhiwa. Ikapelekwa ngome ya Neuschwanstein, kisha huku. Mgodi ulichaguliwa kwa sababu mbili: mlima haupenywi na mabomu, na hewa yake haibadiliki. Ubao hupasuka pale unyevu unapopanda na kushuka, kwa kuwa mwaloni huvimba na kusinyaa lakini chokaa na rangi haviufuati. Mabawa yalikuwa katika hatari zaidi: Berlin mwaka 1894 yaliyokuwa na picha mbele na nyuma yalipasuliwa kwa unene ili pande zote mbili zitundikwe ukutani, yakabaki membamba.

Aprili 1945 gavana wa chama cha Nazi, August Eigruber, aliingiza masanduku manane yaliyoandikwa kuwa ni marumaru. Kila moja lilikuwa na bomu la ndege la kilo 500. Mwanzoni mwa Mei wafanyakazi wa mgodi waliyatoa nje, kisha wakalipua viingilio ili kuziba njia. Watu wengi walikuja kudai sifa hiyo baadaye. Mwongozaji wetu aliwataja wachimbaji kwanza, nasi tunaona alitenda haki: mgodi ulikuwa ndio riziki yao. Wamarekani walifika tarehe 8 Mei.

Vyumba vya hifadhi vinaonyeshwa, pamoja na kapela ya Mtakatifu Barbara ambayo kuta na altare yake ni matofali ya chumvi. Kutoka hapa mbao zilirudishwa Ubelgiji mwaka ule ule.

Supu yenye kinyunya cha jibini hapo kijijini ni euro 7 hivi. Basi la mwisho la kuteremka kutoka mgodini huondoka mapema kuliko unavyodhani. Piga picha ratiba ya kituoni unapopanda, kwa sababu huko juu mtandao wa simu hukatika.